Eneo la kinga ya mizizi ni nini?

Ukipita Kilimani au Kileleshwa, Nairobi, utaona viwanja vya nusu eka vilivyokuwa na nyumba moja na bustani sasa vimejaa maghorofa. Huo ni ujenzi wa kujazia: kuongeza makazi pale ambapo barabara, maji na umeme vimeshafika, badala ya kuutandaza mji hadi kwenye mashamba ya kahawa ya Kiambu. Nauunga mkono. Ila mijakaranda ya mitaa hiyo inatoweka, na si msumeno peke yake unaoiua.

Eneo la kinga ya mizizi ni ardhi inayouzunguka mti, ambayo wakati wa ujenzi haichimbwi, haishindiliwi wala haimwagiwi kifusi. Kiwango cha Uingereza, BS 5837, hulipima hivi: pima unene wa shina, yaani kipenyo chake, kwenye kimo cha mita 1.5, kisha zidisha mara 12. Mjakaranda wenye shina la sentimita 60 unahitaji mita 7.2 kila upande.

Wengi hudhani mizizi huzama chini sana. Sehemu kubwa hukaa katika sentimita 60 za juu, ikitambaa hata kupita kivuli cha matawi. Lori la kokoto likipita hapo mara kwa mara, udongo hukazana, hewa na maji havipenyi, mizizi hufa. Mti hauanguki siku hiyo. Huanza kukauka kwenye ncha za juu, pengine miaka kadhaa baadaye, mkandarasi keshalipwa na kuondoka, na watu husema umezeeka.

Sasa piga hesabu. Duara hilo la mita 7.2 kila upande wa mti ni kama mita za mraba 163. Nusu eka ni kama 2,000. Mti unaomba asilimia 8 tu! Mara nyingi kinachomaliza nafasi ni shimo la maegesho linalochimbwa kutoka ukuta hadi ukuta. Lirudishwe nyuma mita chache, mjenzi aruhusiwe ghorofa moja zaidi kufidia, na idadi ya nyumba haitapungua. Jengo likilazimika kuusogelea mti, msingi wa nguzo chache zilizobeba boriti juu ya ardhi hukata mizizi michache kuliko mtaro wa msingi wa kawaida.

Uzio, tena wa mabati na si utepe, uwekwe kabla ya tingatinga kuingia. Kwenye kiwanja kilichobanana, mafundi watatafuta kivuli cha kukorogea zege, na maji ya saruji huunguza mizizi.