Pakiti ya chumvi na tarehe yake

Mzee aliingia kwangu na cheti cha daktari wa moyo: mishipa inayoulisha moyo imebana, na presha iko juu. Mkewe akaja na swali moja: "Mwanangu, nimpikie nini huyu?" Nikajua tayari anawaza sufuria mbili, ya mgonjwa chukuchuku na ya kwake ya kawaida. Katika kazi hii ya lishe sijaona sufuria mbili zikimaliza mwezi. Mpishi huchoka, na mgonjwa hudokoa ya mwenzake.

Ni watu wa Tanga, wawili tu nyumbani. Sikuwapa orodha ya vyakula. Niliwaambia wanunue chumvi ya nusu kilo, waandike kwenye pakiti tarehe ya kuifungua, wapike kama siku zote. Iliisha siku ya 25. Piga hesabu: gramu 20 kwa siku, 10 kwa kila mmoja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Kwa watu wawili, pakiti ile ilipaswa kuvuka siku 50. Kweli, nyingine iliishia kuoshea samaki, lakini hapo hatujagusa ng'onda, achari na vile vidonge vya mchuzi vya dukani.

Chumvi huvuta maji. Maji yakizidi kwenye damu, moyo husukuma mzigo mzito zaidi kupitia mishipa ambayo tayari ni myembamba. Nilimpima presha na mama: 150 kwa 95, nayo iko juu. Habari ya sufuria mbili ikaishia hapo.

Ugomvi ulikuwa kwenye nazi. "Wali bila tui ni wali gani?" mzee akauliza, na kwa mtu wa pwani hilo ni swali la haki. Sikuipiga marufuku. Ila zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni yale yanayopandisha lehemu mbaya, yaani kolesteroli. Tukaafikiana: wali wa nazi Ijumaa tu, na mbaazi zipikwe kwa tui jepesi, bila kasimele. Mbaazi zenyewe siziachii. Nyuzinyuzi zake hunasa nyongo tumboni na kutoka nayo chooni. Ini hulazimika kutengeneza nyingine, na malighafi yake ni lehemu, ambayo huichota kwenye damu.

Dawa zinaendelea vilevile, hata jirani akisifia kitunguu saumu namna gani. Na zile chumvi mbadala zenye potasiamu, muulize daktari kwanza: baadhi ya dawa za presha huibakiza potasiamu mwilini, na ikizidi huvuruga mapigo ya moyo.

Pakiti ya tatu imefika siku ya 43. Mama anakolezea ndimu na pilipili manga. Mzee bado anakitafuta kidau cha chumvi mezani, na mama hasemi amekiweka wapi.