Je, wajua kwa nini kuna kobe wanaolazwa kwenye friji?

Desemba yangu ya kwanza Uingereza nilipanga chumba kwa bibi mmoja mstaafu. Alinionyesha jiko, akanionyesha friji ya chakula, kisha akaninyooshea friji nyingine ndogo iliyokuwa pembeni. "Hiyo usiiguse, mna kobe." Nikadhani Kiingereza kimenipiga chenga. Akaifungua. Mle ambamo ungetarajia maziwa na mayai mlikuwa na chupa nne za maji, kipimajoto, na kiboksi cha plastiki chenye matundu, kimejaa udongo. Juu ya udongo lilichomoza gamba, ukubwa wa bakuli la uji.

Nikamuuliza kwa upole amekufa lini.

Hakuwa amekufa. Alikuwa amelala, na angeamshwa Februari.

Tuelewane kwanza ni kobe yupi. Si kasa wala ng'amba, hao ni wa baharini. Hawa ni kobe wa nchi kavu wanaotoka sehemu zenye majira ya baridi ya kweli: kobe wa Hermann wa kusini mwa Ulaya, nduguye wa Afrika Kaskazini mwenye vijichomozo kama miiba mapajani, na kobe wa Horsfield wa Asia ya Kati. Zamani Waingereza waliwaagiza kwa shehena, wakauzwa bei ya kutupa, na wengi walikufa majira ya baridi ya kwanza tu kwa kuwa waliowanunua hawakujua wafanye nini. Biashara ile ya kuwakamata porini na kuwaingiza nchini ilipigwa marufuku mwaka 1984 kwa kobe wa Hermann na nduguye wa Afrika Kaskazini.

Sasa, kwa nini alale? Mwanadamu ana jiko ndani ya mwili. Chakula anachokula hugeuka joto, nje kuwe na jua au barafu. Kobe hana jiko hilo. Joto la mwili wake ni joto la mahali alipo. Jua likimpiga vizuri, nyuzijoto 25 au 30, anakula, anatembea, anatafuta mwenza. Kukishuka hadi 15 anazubaa, na tumbo lake linakaribia kugoma. Kukifika 5, moyo unapiga mara chache tu kwa dakika, pumzi ni za kuhesabika, na akiba aliyojiwekea mwilini inaliwa kidogo kidogo mno. Porini hujifukia ardhini, ambako baridi haipandi wala kushuka ovyo, akangoja. Mtu wa kando ya Ziwa Victoria hatashangaa sana: anamjua kamongo, samaki anayejifukia topeni maji yakikauka. Tofauti ni kwamba kamongo anakimbia ukame, kobe huyu anakimbia baridi.

Na hapa ndipo huruma inapoua. Mtu anamwona kobe wake ananyong'onyea mwezi wa Novemba, anamwonea imani, anamleta pembeni ya sebule penye nyuzijoto 14 au 15. Hapo si usiku wala mchana kwake. Hana joto la kutosha kumeng'enya chakula, na hana baridi ya kutosha kulala. Ni kama gari lililoachwa linanguruma uani: haliendi popote, na petroli inaisha. Ama umpe taa ya joto na mwanga wa kutosha akae macho majira yote, ama umpe baridi ya kweli alale. Katikati hapana usalama.

Baridi nayo ina mpaka. Ikishuka chini ya sifuri, maji ya mwilini huganda, na macho ni miongoni mwa viungo vinavyoumia mapema; wapo kobe walioamka vipofu. Kwa hiyo wafugaji hulenga nyuzijoto 5, wakivumilia kati ya 3 na 8 hivi. Ikipita 10 anaanza kuamka. Jiulize basi ni kitu gani ndani ya nyumba kinachokaa nyuzijoto 5 wiki baada ya wiki, bila kujali mvua wala jua la nje. Bibi wa watu hakuwa na wazimu.

Wazee wao walitumia sanduku la majani makavu ndani ya banda la bustani. Lilifaa miaka mingine, miaka mingine likawa kaburi: baridi kali ya usiku mmoja ikapenya, au siku tatu za joto la Februari zikamwamsha kabla ya wakati, au panya wakaingia na kumtafuna miguu. Isitoshe, majira ya baridi ya Uingereza ni marefu kuliko ya kwao kobe. Aliyelala Oktoba na kuachwa mpaka Aprili amefunga nusu mwaka. Kwa friji, mfugaji ndiye anayeamua: kwa kobe mzima mwenye afya wiki 8 hadi 12 zinatosha, kwa wadogo pungufu ya hapo.

Kobe mashuhuri kuliko wote wa nchi hiyo alikuwa Timothy, wa kasisi Gilbert White wa kijiji cha Selborne. White alimrithi kwa shangazi yake mwaka 1780, akamfukua Machi angali amelala, akamsafirisha kwa gari la farasi ndani ya sanduku la udongo, mwendo wa kilomita 130 hivi. Misukosuko ya njia ilimwamsha. Alipoachiwa bustanini alitembea mara mbili hadi mwisho wake, kisha jioni akajifukia tena. Gamba lake limehifadhiwa katika jumba la makumbusho London, na uchunguzi ulionyesha kwamba Timothy, pamoja na jina lake la kiume, alikuwa jike.

Kazi yenyewe huanza kabla ya friji. Mwisho wa kiangazi kobe hukaguliwa na daktari wa mifugo: macho, pua, kinywa, uzito. Mgonjwa au aliyekonda halazwi, habari imeisha. Kisha chakula hukatwa wiki mbili hadi nne kabla, kulingana na ukubwa wake. Unaweza kudhani ni ukatili, lakini chakula kilichobaki tumboni wakati mwili umezimika hakimeng'enywi, kinaoza humo humo. Maji, kinyume chake, hayakatwi. Kila siku anaogeshwa kwenye beseni la maji ya vuguvugu yanayomfika kidevuni, anywe na ajisaidie. Kibofu cha kobe ni mtungi wake wa safari. Joto hupunguzwa polepole, siku baada ya siku, mpaka atulie.

Bibi alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja. Kila baada ya siku mbili tatu alifungua mlango wa friji na kuupepea mara kadhaa kama mtu anayefukuza moshi, hewa mpya iingie. Kila Jumapili alimtoa kobe, akamweka kwenye mizani ya jikoni, ile ile ya kupimia unga, akaandika gramu kwenye daftari, akamgusa mguu wa nyuma kwa kidole. Mguu ulirudi ndani, taratibu mno, kama mlango mzito unaofungwa. Hapo aliridhika. Nilimuuliza zile chupa za maji ni za nini. Akanieleza kuwa maji hushika baridi, kwa hiyo mlango ukifunguliwa joto la ndani haliruki.

Kipimo cha wafugaji wengi ni kwamba kobe asipoteze zaidi ya takriban asilimia 1 ya uzito kwa mwezi. Akipungua haraka kuliko hapo, anaamshwa. Akikojoa katikati ya usingizi pia anaamshwa siku hiyo hiyo, kwa sababu mtungi umemwagika na atakauka.

Usithubutu, hata hivyo, kumfanyia hivi kobe wa kwetu. Yule bapa anayejibanza kwenye nyufa za miamba ya Kenya na Tanzania hupumzika wakati wa joto na ukame, si wa baridi. Wale majitu wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ambao mababu zao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, hawana asili ya baridi hata chembe. Friji ingewaua. Halafu kobe wa porini kwetu hulindwa na sheria. Kumfuga bila kibali ni kesi.

Februari ilipofika, kiboksi kilitolewa, kikakaa saa chache kwenye chumba chenye joto la wastani, kisha kobe akawekwa chini ya taa. Kichwa kilitoka kwanza, macho yamefumba. Bibi alimtia kwenye beseni la vuguvugu. Kobe akainamisha shingo, akazamisha pua, akanywa, koo likicheza, bila kupumzika. Nilichemsha chai, nikaimimina, nikainywa nusu kikombe, naye bado anakunywa. Kula alikula siku ya tatu: jani moja la mchunga.