Kupigia Chama Kidogo New York: Kura Inakwenda Wapi

Malalamiko ni yaleyale kila msimu wa uchaguzi: raia wa Marekani wenzetu wanaoishi New York wanaambiwa kwamba kupigia chama kidogo ni kuitupa kura. Sivyo, na tungependa suala hili lieleweke.

New York haijampa ushindi mgombea urais wa Republican tangu 1984. Kura zake 28 za wajumbe wanaomchagua rais, kati ya 538 za nchi nzima, huchukuliwa zote na anayeongoza jimboni, hata akiongoza kwa kura moja. Pengo kati ya vyama viwili vikubwa likiwa kubwa hivyo, kura yako ya chama kidogo haitaamua nani aingie Ikulu. (Hesabu hii usiihamishie jimbo lenye ushindani. Florida mwaka 2000 iliamuliwa kwa kura 537, na Ralph Nader wa chama kidogo cha Green alipata huko zaidi ya 97,000.)

Inachoweza kufanya ni kukiweka chama hai kisheria. Kwa sheria ya 2020, chama hubaki na hadhi yake, yaani nafasi kwenye karatasi ya kura bila kukusanya sahihi, iwapo mgombea wake wa urais au ugavana atapata kura 130,000 au asilimia 2 ya kura zote, kutegemea ipi ni kubwa. Kipimo hurudiwa kila baada ya miaka 2. Zamani kilikuwa kura 50,000 za ugavana, kila baada ya miaka 4. Vyama vya Green na Libertarian vilianguka mwaka huohuo wa 2020. Asiye na hadhi, ili aingie kwenye karatasi ya kura, hukusanya sahihi 45,000 kwa wiki 6, na wapinzani huzipekua moja moja: huyu hayumo kwenye daftari, yule ameshasaini fomu ya mwingine. Mwaka 2024 karatasi ya urais ilibaki na wagombea wawili tu.

Vyama vidogo vya Working Families na Conservative huvuka kipimo hicho kwa sababu New York inaruhusu mgombea mmoja kusimamishwa na zaidi ya chama kimoja. Mwaka 2024 jina la Kamala Harris lilikuwa kwenye mstari wa Democratic na wa Working Families pia. Kura za mistari yote hujumlishwa kwa mgombea, lakini chama huhesabiwa za mstari wake tu. Basi jaza kiduara kimoja. Ukijaza viwili vya jina lilelile, mgombea anapata kura moja, nayo inaandikiwa chama kilichotangulia kwenye karatasi. Chama kidogo hakipati kitu. Ukijaza majina mawili tofauti, kura ya nafasi hiyo imeharibika, ingawa nafasi nyingine zinahesabiwa. Ukikosea usifute wala usikate kwa kalamu: kabla ya kuiingiza kwenye mashine, irudishe kwa karani upewe nyingine.

Kuandika jina kwa mkono kwa urais kunahesabiwa tu kama mtu huyo amejisajili mapema kwa ajili hiyo. Tafadhali msiandike majina ya wachezaji mpira.

Mwenye green card, yaani mkaazi wa kudumu asiye raia, hapigi kura ya rais, hata kama alipewa fomu ya kujiandikisha alipokwenda kuchukua leseni ya udereva. Akipiga, ni kosa la shirikisho: faini, kifungo hadi mwaka 1, na anaweza kuondolewa nchini.