Kupunguza uzito: nafuu huja kabla kioo hakijaonyesha

Nina kilo 90. Nipungue ngapi ndipo nione faida?

Nne na nusu. Hiyo ni asilimia 5 ya uzito wako, na inatosha kuanza kushusha presha, sukari na mafuta kwenye damu. Natamani kila anayeogopa kupanda mzani alisikie hili kwanza, kwa sababu wengi hukata tamaa wakiamini kwamba afya ni ya wembamba peke yao. Marekani walifuatiliwa watu waliokuwa wanakaribia kupata kisukari cha aina ya pili, na matokeo yakatolewa mwaka 2002. Waliosaidiwa kubadili chakula, wakalenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, uwezekano wao wa kuugua ulipungua kwa asilimia 58 kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Wengi wao walibaki wanene, ila kisukari kilizuilika.

Kusujudu naweza, kuinuka ndiyo kazi. Magoti yatapona?

Goti lililosagika halirudi kuwa jipya, lakini maumivu hupungua sana. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2005, ulipima watu wazima wanene wenye magoti mabovu ukaona kwamba kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Punguza kilo tano, na goti limetuliwa kilo ishirini, sawa na ndoo kubwa ya maji iliyojaa. Sasa hesabu hatua za kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi. Ndiyo maana mama wa makamo aliyepungua kidogo tu huanza kuswali bila kiti kabla hata gauni halijampwaya.

Mume wangu anakoroma hadi watoto wanaamka. Uzito unahusika?

Mara nyingi, ndiyo. Mafuta yanayojaa shingoni hubana njia ya hewa mtu akilala. Sikiliza vizuri: akinyamaza ghafla kisha akashtuka kama aliyekabwa, pumzi inakatika usingizini, na hilo apelekwe kwa daktari. Mtu wa namna hiyo huamka amechoka na husinzia mchana, jambo la hatari kubwa kama ni dereva wa bodaboda au wa daladala. Akipungua, njia hufunguka, naye hulala usingizi wa kweli. Na wewe pia.

Kuna nafuu nyingine ambazo watu hawazisemi?

Zipo, na huzikuti kwenye mabango. Kwa joto letu la Tanga, hasa Januari na Februari, mwili mnene huteseka: mapaja huchubuka, fangasi huota chini ya matiti na kwenye mikunjo ya tumbo. Kiungulia cha usiku baada ya biriani hupungua. Kuinama kukata kucha za miguu huacha kuwa shughuli ya kuomba msaada. Na kinamama, mkojo unaoponyoka ukicheka au ukikohoa si aibu wala si lazima uwe mzigo wa uzee; kupunguza uzito huupunguza, na wapo wanaoacha kuvaa pedi kabisa. Ukiona haya kulisema mbele ya watu, mwambie muuguzi pembeni.

Basi niache wali wa nazi?

Usiache. Teka mwiko mmoja badala ya mitatu, sahani ijae mchicha au kisamvu, na samaki awe wa kuchoma au wa kuchemsha mara nyingi kuliko wa kukaanga. Tui zito liwe la siku maalumu. Ila nikiambiwa nichague kitu kimoja, nitachagua chai. Vijiko vitatu vya sukari kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni vijiko tisa kabla hujagusa soda. Shirika la Afya Duniani linashauri visizidi 12 kwa siku nzima, na ni bora zaidi vikiishia sita. Punguza kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili, ulimi utazoea. Na baiskeli yako ya kila siku usiibadilishe na bodaboda. Mji wetu ni tambarare, Ngamiani hadi Raskazone unafika.

Chai na vidonge vya kukausha tumbo?

Achana navyo. Vingi vinaharisha tu: unapoteza maji, mafuta yanabaki palepale.

Nimeanza kupungua, majirani wananiuliza naumwa nini.

Maneno hayo yanaumiza, na yamewarudisha wengi kwenye sahani ya zamani. Waambie umeamua mwenyewe. Kama unatumia dawa za sukari au presha, rudi kliniki mapema, maana dozi ya zamani inaweza kukushusha kupita kiasi mpaka upate kizunguzungu au uanguke. Mjamzito asijaribu kupungua bila daktari. Na kama unakonda bila kujaribu, majirani wana haki ya kuuliza: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kutoka jasho usiku, au kiu na kukojoa mara kwa mara vinatosha kukupeleka kituo cha afya kilicho karibu, ukapimwe kifua kikuu, sukari na virusi vya UKIMWI.