CIN 3 si saratani hatua ya tatu

Haipiti wiki hapa Mombasa bila karatasi ya biopsi (kipande kilichokatwa mlango wa kizazi kupimwa) yenye CIN 3 kusomwa nyumbani kuwa "saratani hatua ya tatu", na jamaa wakaanza kuitana. Jamani, sivyo. Hatua hueleza saratani imeenea mpaka wapi. CIN ni daraja: seli za mlango wa kizazi zimeharibika, lakini bado ziko juu ya utando wa msingi, yaani ngozi nyembamba inayozitenga na nyama ya ndani. Hazijawa saratani.

Aliyekaa nyumba ya mawe Mji wa Kale anajua unyevu wa chumvi unavyopanda ukutani kutoka chini. Ndivyo sisi wapatholojia, madaktari wa kusoma seli kwa hadubini, tunavyopima. Seli changa zenye viini vikubwa, vyeusi, zikiishia theluthi ya chini ya tabaka la seli linalofunika mlango wa kizazi, ni CIN 1. Zikifika theluthi ya pili, CIN 2. Zikipita hapo, CIN 3. CIN 1 mara nyingi ni maambukizi ya virusi vya HPV ambayo mwili huyaondoa wenyewe, basi hufuatiliwa. CIN 3 hutibiwa.

Taabu iko kwenye CIN 2. Slaidi moja, wapatholojia wawili, majibu mawili. Hutokea, na sioni sababu ya kulificha: theluthi hazikuchorewa mstari. Kipande kikilazwa vibaya kwenye nta kikakatwa mshazari, seli za chini huonekana zimejaa mpaka juu, na daraja hupanda kwa kosa la kisu. Mwanamke aliyekoma hedhi, tabaka lake hukonda na seli zote hufanana na za chini. Ndiyo maana nasisitiza umri uandikwe kwenye fomu! Nikibaki na shaka naomba rangi ya p16, protini inayojaa kwenye seli zilizovurugwa na HPV. Ikishika kwa nguvu, mfululizo, kuanzia seli za chini kabisa, naegemea daraja la juu; ikiwa madoa madoa, hapana. Lakini hata baadhi ya CIN 1 hushika, kwa hiyo p16 peke yake haiamui.

Wauguzi, kipande kiingie formalini (dawa ya kukihifadhi) ya asilimia 10 papo hapo, ujazo mara kumi ya kipande. Kikikaukia kwenye glavu, viini hunywea na hakuna daraja la kusoma.

Tena kipande chenyewe ni kama punje ya mchele. Hakiwezi kuapa kwamba pembeni yake hakuna saratani. Kwa hiyo, dada mwenye CIN 3, usiulize umebakiza miezi mingapi. Uliza LEEP, yaani kukata sehemu iliyoharibika kwa waya wa umeme, ni lini, na majibu yakirudi, uliza kama kingo za kipande ni safi, hazina seli zilizoharibika.