Kalipa isiyoachia: tatizo liko nyuma ya sili

Ndani ya kalipa, kifaa kinachobana diski ya breki, hakuna springi ya kurudisha pistoni, yaani kipande kinachosukuma pedi. Ukiachia pedali, kazi hiyo inafanywa na sili, mpira wa mviringo ambao ukiukata unaona umbo la mraba, uliokaa kwenye mfereji uliochongwa ndani ya ukuta wa kalipa. Mafuta ya breki yanapoisukuma pistoni, sili inaing'ang'ania na kupinda nayo. Presha ikiisha, mpira unajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kwa sehemu ndogo tu ya milimita, na pedi inaacha kubana diski.

Sasa kutu ikiota chini ya sili, ndani ya mfereji, inauinua mpira na kuubana kwenye pistoni. Sili haina tena nafasi ya kupinda, kwa hiyo haina cha kurudisha. Pistoni inatoka kwa nguvu ya mguu wako na inabaki hukohuko. Fundi ananunua sili mpya, anaichomeka juu ya kutu ileile, na baada ya wiki mbili rimu inachemka tena. Lawama zinaangukia "sili feki", wakati sili haina kosa.

Magari ya spoti ya miaka ya 1990 tunayoyaona hapa Dodoma, Eunos Roadster, Celica, Supra, Impreza WRX, yanapata ugonjwa huu zaidi ya daladala. Daladala inatembea kila siku. Gari la spoti linalala wiki nzima chini ya turubai, na mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, hata hewa kavu ya kwetu. Maji hayo ndiyo yanayolisha kutu. Kwa nje kuna vumbi letu la kuanzia Mei mpaka Novemba, linaloingia kwenye kava la pistoni lililopasuka na kutulia. Mvua za Desemba zikianza, linageuka tope la kusagia.

Kabla ya kufungua chochote, thibitisha kuwa kalipa ndiyo mgonjwa. Inua gari kwa jeki, liweke kwenye stendi, bonyeza breki uachie, kisha jaribu kuzungusha tairi. Likigoma, legeza nipeli (skrubu ya kutolea upepo na mafuta) ya kalipa hiyo. Tairi likiachia papo hapo, kulikuwa na presha iliyonaswa: ni hozi (bomba la mpira linaloleta mafuta kwenye kalipa) iliyoziba kwa ndani, au masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) isiyorudisha mafuta. Ukitaka kuzitofautisha, funga nipeli, bonyeza tena mpaka tairi lishikwe, halafu legeza bomba pale linapotoka kwenye masta silinda. Likiachia, masta ndiyo yenye kesi. Lisipoachia, shuku hozi. Za umri huu huwa zinavimba kwa ndani na kugeuka mlango wa upande mmoja. Lakini kama ulifungua nipeli na tairi bado limeganda, tatizo ni pistoni au pini za kutelezea, zile zinazobeba kalipa ikisogea. Hapo ndipo unaendelea kusoma.

Kwa kalipa mbili za mbele unahitaji seti mbili za sili na makava yake, washa nne mpya za shaba za kichwa cha hozi, lita moja ya mafuta ya breki ambayo haijafunguliwa, nusu lita ya spiriti, grisi nyekundu ya mpira kwa sili, na grisi ya silikoni ya joto kali kwa pini. Usiagize sili kwa jina la gari peke yake. Impreza za miaka ile zilitoka nyingine na pistoni mbili kwa kalipa ya mbele, nyingine nne, na Roadster ya 1.8 ina diski kubwa kuliko ya 1.6. Pima kipenyo cha pistoni kwa venia (rula yenye taya), piga picha ya kalipa, ndipo umpigie mtu wa Kariakoo akuwekee mzigo kwenye basi.

Pistoni itolewe kwa pedali kabla hozi haijafunguliwa. Ondoa pedi, weka kipande cha mbao mahali pake, kisha msaidizi abonyeze breki taratibu mpaka pistoni iguse mbao. Punguza unene wa mbao, rudia. Kwenye kalipa za pistoni nne, ile nyepesi itatoka mbio na kuziacha wenzake. Izuie kwa klempu, uzilazimishe zile nzito zije. Ikitoka moja nzima, presha yote inamwagika na zilizobaki hazitasogea. Upepo wa kompresa ni njia ya mwisho, na hata hapo anza na presha ndogo kabisa, mbao ikiwa mbele ya pistoni. Pistoni inayorushwa na upepo inavunja kidole, kwa hiyo mkono usiwe mbele yake hata kwa sekunde.

Nipeli iliyoganda isivunjwe kwa spana ya mdomo wazi. Tumia spana ya ringi au soketi ya pembe sita (magari mengi ya Kijapani yanachukua namba 10 au 8), gonga kichwa cha nipeli kwa nyundo ndogo kwanza, kisha ipashe joto. Moto uje kalipa ikiwa tupu, bila mpira na bila mafuta.

Sili ya zamani ing'oe kwa kijiti cha mianzi au ndoana ya waya wa shaba, usitumie bisibisi. Ukingo wa mfereji ulio upande wa pedi umechongwa mshazari makusudi, ili sili ipate pa kupindia. Ukiukwaruza kwa chuma, umeiharibu hesabu ya kiwanda. Ndani utakuta kutu nyekundu kama kalipa ni ya chuma, au unga mweupe mgumu kama ni ya aluminiamu. Huu mweupe ndio unaodanganya watu, kwa sababu unafanana na rangi ya kalipa yenyewe. Pitisha ncha ya waya wa shaba mzunguko mzima mpaka usikie imeacha kukwaruza, osha kwa spiriti, angalia kwa tochi, rudia. Kalipa moja inaweza kula nusu saa kwa mfereji tu. Ni sawa, kazi yenyewe ndiyo hiyo. Mfereji wa nje, unaoshika kava la vumbi, nao usafishwe, ila huo hauhitaji ukali uleule.

Hapa mafundi wengi wanakagua kinyume. Wanaona vishimo vya kutu kwenye ukuta wa kalipa na kuitupa, kisha wanairudishia pistoni ya zamani kwenye kalipa nyingine. Kwa muundo huu, sili imekaa tuli ukutani na inaziba kwenye uso wa pistoni. Madoa madogo ya ukuta yanavumilika. Kishimo kwenye kromu ya pistoni, pale sili inapopita, hakivumiliki, hata kama ni kidogo kama kichwa cha sindano. Pitisha ukucha, ukinasa, nunua pistoni. Kuipiga msasa kunaondoa kromu, na kutu itarudi kwa kasi zaidi.

Kuhusu kuoshea: hakuna petroli, dizeli wala mafuta ya taa. Najua ndivyo gereji nyingi zinavyoosha kila kitu, lakini mpira wa breki umetengenezwa kukaa na mafuta ya breki, na mafuta ya petroli yanaufanya uvimbe na kulainika. Grisi ya kawaida ya beringi vilevile. Ndiyo sababu pini za kalipa zilizopakwa grisi ya beringi zinateleza vizuri leo, halafu baada ya miezi zinang'ang'ania: vimpira vyake vimevimba.

Kuunganisha ni kwepesi mfereji ukiwa msafi. Paka sili mafuta mapya ya breki au grisi nyekundu kiasi cha kulowanisha, iweke mfereji mzima, zungusha kidole kuhakikisha haijajikunja. Kava la vumbi, kama ni lile linalokaa kwenye mfereji bila ringi ya chuma, livishe kwanza kwenye mkia wa pistoni likining'inia mbele, ingiza mdomo wake kwenye kalipa, halafu sukuma pistoni ipite katikati. Dole gumba mawili yanatosha. Pistoni ikidai klempu tangu mwanzo, itoe. Ama imeingia upande, ama sili imejipinda, ama mfereji haujaisha kusafishwa.

Kalipa ya nyuma ya Roadster ni habari nyingine, kwa kuwa hendibreki imo ndani yake. Usiikandamize kwa klempu. Nyuma yake kuna bolti ya namba 14 inayofunika tundu. Ndani unaingiza alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 4. Kuzungusha kushoto kunairudisha pistoni, kulia kunaitoa.

Unaporudisha kalipa kwenye gari, angalia nipeli imekaa juu. Kalipa za kushoto na kulia zinaingiliana kwenye magari mengi, na ukizibadilisha, nipeli inaangalia chini, upepo unajikusanya juu, na utamaliza lita mbili za mafuta bila pedali kuwa ngumu. Washa za shaba ni mpya kila mara, moja kila upande wa kichwa cha hozi. Nipeli haikazwi kwa hasira. 8 mpaka 10 Nm zinatosha.

Wakati wa kutoa upepo kwenye mabomba ya breki, weka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Masta silinda ya miaka 30 ina sehemu ya mwisho ambayo sili zake hazijawahi kuipita, nayo ina kutu. Ukiipeleka huko, unatengeneza kalipa na kuua masta siku moja. Kwa mpangilio wa matairi fuata kitabu cha gari lako, kwani si kila gari linaanza na tairi la mbali. Subaru nyingi zimegawanya breki kimshazari.

Mafuta ya breki yawe ya daraja la DOT 4. DOT 3 mpya inachemka kwenye nyuzi joto 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji inashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. Tofauti hiyo utaijua ukishuka mteremko wa Sekenke nyuma ya lori, mguu kwenye breki dakika nzima. DOT 5 ni silikoni, haichanganyiki na hizo. Usiiguse, hata kama namba yake inavutia. DOT 5.1 ni salama kuchanganya ila bei yake sioni sababu yake kwa gari la mjini.

Kwa pedi mpya, tafuta barabara tupu, punguza kutoka kilomita 60 mpaka 10 kwa saa mara nane hivi bila kusimama kabisa, ukiacha breki zipoe kati ya mara na mara. Siku inayofuata endesha kilomita kumi ukigusa breki kidogo iwezekanavyo, simama, na weka kiganja karibu na kila rimu. Kushoto na kulia zilingane. Upande mmoja ukiwa wa moto, fungua kalipa hiyo tena na uanze na tochi kwenye mfereji.