Je, wajua mtoto anafaa kuanza karate, judo au ndondi akiwa na miaka mingapi?

Kila likizo ikikaribia hapa Kampala swali hili linarudi, na mara nyingi wanaouliza ni kina mama. Mtoto yuko top class ya chekechea, nguvu zimemjaa, siku nzima anapiga mateke mito ya kochi sababu ameona watoto wa Wakaliga kwenye zile filamu za kung fu, sasa nimpeleke karate ama nisubiri akue kidogo? Na baba naye kwa upande wake anasema achana na karate, mpeleke ndondi, mtoto wa kiume lazima ajue kujitetea.

Ukweli ni kwamba kuna umri wa aina mbili hapa na wazazi wengi wanauchanganya. Kuna umri wa kuanza kujifunza, alafu kuna umri wa kuanza kupigana kwa kugusana, hasa kugusana kichwani. Wa kwanza, kwa watoto wengi, ni miaka 6 au 7, yaani mtoto yuko P1 au P2, darasa la kwanza au la pili la msingi. Wa pili uko mbali sana na huo, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na wa kwanza. Mtoto wa miaka 4 anakimbia, anaruka, anapanda mwembe, kwa hiyo unamwona yuko fiti kabisa. Lakini teke la karate ni kusimama kwa mguu mmoja huku ule mwingine unafanya kazi hewani, na mtoto wa umri huo kusimama mguu mmoja sekunde chache tu anayumba. Kushoto na kulia bado vinamchanganya, wengi wanakuja kuvijua vizuri kwenye miaka 6 au 7. Alafu kuna jambo kubwa kuliko yote hayo: sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomwambia mtu ngoja, acha, usifanye, inakua polepole sana, mpaka mtu amefika miaka ya ishirini na kitu ndo inakamilika. Mpira wa miguu unaweza kucheza bila hiyo breki ukaishia kupoteza mpira tu. Judo na karate unapewa mwili wa mwenzako uushike, uutupe, uusogelee na ngumi, sasa mtoto asiyejua kuacha anamuumiza mwenzake bila hata kukusudia.

Nenda Jumamosi moja ukae mlangoni kwenye darasa la watoto uangalie tu. Mwalimu wa karate akiita "Yame!", yaani acha, watoto wa miaka 8 wanaganda na ngumi zao palepale zilipofika, mmoja anaibia jicho pembeni kuona kama wenzake nao wamesimama. Yule mdogo wa miaka 4 aliyeletwa pamoja na kaka yake anaongeza ngumi mbili tatu, anageuka kumpungia mama yake mkono, alafu anaanza kuchezea mkanda mpaka unafunguka. Huyu si mtundu na wala hana kichwa kigumu, ni umri wake tu. Kwenye judo neno lenyewe ni "Mate!" lakini kazi yake ni ileile, na mtoto ambaye hilo neno halimshiki hayuko tayari kushikana na mwenzake.

Kwa hiyo kipimo ninachowapa wazazi ni hiki, na hakihitaji pesa wala daktari. Cheza na mtoto nyumbani mchezo wa kukimbizana, katikati ya kicheko mwambie "simama!" Akisimama mara nyingi kuliko asivyosimama, mpeleke hata kama ana miaka mitano na nusu. Kama ana miaka 8 na bado hakusikii, mpe muda, hajachelewa chochote. Na hawa wa miaka 4 na 5 sisemi wakae tu, kuna klabu zina saa ya wadogo, wanabingirika, wanaruka, wanatembea kama kaa, nusu saa wamemaliza, hiyo ni nzuri sana kwa mwili, ilimradi mzazi ajue analipia michezo ya viungo na asisubiri mtoto arudi nyumbani anajua kujilinda.

Wenye karate wenyewe walishalifikiria jambo hili zamani. Mwaka 1901 kule Okinawa, mwalimu Anko Itosu aliingiza karate mashuleni, na kabla ya hapo ilikuwa kitu cha watu wazima wachache, kinafundishwa kwa siri. Hakuchukua mazoezi ya wakubwa akawabebesha watoto, miaka michache baadaye alitunga kata tano fupi za wanaoanza (kata ni mpangilio wa hatua na mapigo ambao mtu anaufanya peke yake), zinaitwa Pinan, ambazo Gichin Funakoshi alipokwenda kueneza karate Japani bara alikuja kuziita Heian. Ukimwona mtoto wa Kampala yuko kwenye mstari anapiga ngumi hewani, anageuka, anashusha mkono kukinga chini, mara nyingi ndo hizo hizo anafanya. Hakuna anayepigwa, lakini mtoto anajifunza kusimama imara, kukumbuka mpangilio na kusikiliza hesabu. Wazazi wengine wananiambia mbona miezi yote hii mtoto anapiga upepo tu, nawajibu hapo ndo pesa yako inapofanya kazi. Taekwondo, ule mchezo wa mateke wa Kikorea, nayo ina mazoezi ya namna hiyo, poomsae, na Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo kule Korea, imefika mahali ikawawekea watoto chini ya miaka 15 daraja lao, mkanda wa nusu nyekundu nusu nyeusi unaitwa poom, kwa sababu ule mweusi wenyewe ni wa waliokua.

Kama ni mimi ningechagua kitu kimoja mtoto ajifunze kabla ya vyote, ningechagua kuanguka. Judo wanaanza na hicho. Mtoto anachuchumaa, anajiachia nyuma, mgongo umekunjwa, mikono inapiga mkeka kwa pembeni, paa!, na kidevu kinabaki kimegusa kifua ili kisogo kisifike chini. Mwalimu mzuri hamwambii "linda kichwa", manake mtoto haelewi ufanyeje ili ulinde kichwa, anamwambia "angalia fundo la mkanda wako" na kichwa kinajikunja chenyewe. Huu ujuzi unamfaa mtoto hata akianguka kwenye baiskeli ama akiteleza kwenye tope la msimu wa mvua. Lakini hapa kwetu lazima niseme jambo moja waziwazi: klabu nyingi zinafanyia mazoezi kwenye ukumbi wa sementi, labda wamekodi ukumbi wa shule ama wa kanisa, na hawana mikeka minene ya tatami. Kata unaweza kufanya kwenye sementi bila shida. Kutupana huwezi. Ukiona watoto wanatupana kwenye sementi iliyotandikwa kapeti jembamba, mchukue mtoto wako uondoke naye, hata kama huyo kocha ana vikombe ukuta mzima.

Sasa ndondi, na najua hapa nitagusa watu. Uganda tunaipenda ndondi na tuna sababu, medali za Olimpiki tunazo: Eridadi Mukwanga fedha na Leo Rwabwogo shaba mwaka 1968 kule Mexico, Rwabwogo tena fedha 1972 Munich, John Mugabi fedha 1980 Moscow. Katwe na Naguru kuna watoto wanakua wanasikia mlio wa begi kila jioni. Lakini ndondi tofauti yake ni kwamba kumpiga mwenzako kichwani ndo lengo lenyewe, si ajali. Ubongo umekaa ndani ya fuvu kwenye majimaji, kichwa kikipigwa fuvu linasimama ubongo unaendelea kwenda, unagonga ukuta wa ndani, unajipinda. Mtoto kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, na shingo bado ni nyembamba haina misuli ya kukizuia, kwa hiyo kinatikisika zaidi. Helmeti inazuia kuchanika na kuvimba, lakini kule kutikisika kwa ndani haikuzuii, kwa hiyo ukiambiwa "usiogope mama, anavaa helmeti" hiyo bado si jibu.

Ndo maana mwaka 2011 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani pamoja na wenzao wa Kanada walitoa tamko la pamoja la kupinga ndondi kwa watoto na vijana wadogo. Ndondi za ridhaa zenyewe kimataifa daraja la wadogo zimekuwa zikilianzia miaka 13 na 14, hakuna la P3. Na Thailand Novemba 2018 mtoto wa miaka 13 alifariki baada ya kuangushwa kwa mapigo ya kichwa kwenye pambano la Muay Thai, ndondi za kule za ngumi na mateke, damu ilivuja kwenye ubongo, na alikuwa ameshapigana mapambano zaidi ya 170 tangu ana miaka 8. Mia na sabini, mtoto wa umri wa P7! Nikifikiria hiyo namba sina hamu tena ya kubishana na mtu kuhusu kumkomaza mtoto mapema.

Baba ukisisitiza ndondi, basi kuna njia. Kuanzia miaka 8 au 9 hivi anaweza kuruka kamba, kujifunza miguu, kupigana na kivuli, kupiga begi jepesi na glovu zinazomtosha. Mwambie kocha mbele ya mtoto, kwa sauti, kwamba kichwa hakiguswi. Kocha wa kweli atakuelewa. Na mchezo wowote ule, mtoto akigongwa kichwa alafu akalalamika kichwa kinauma, akatapika, akasinzia ovyo au akarudia swali lilelile, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na mazoezini asirudi mpaka amepona kabisa, sababu pigo la pili kabla la kwanza halijapona linaweza kuwa baya mara nyingi zaidi.

Mifupa nayo ina yake. Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna gegedu laini ambako mfupa unarefukia, kwa wasichana inakuja kufunga kwenye miaka 13 hadi 15 hivi, wavulana 15 hadi 17. Kwa hiyo kuvunja matofali, push-up za ngumi kwenye sementi, na ile tabia ya kocha kumkalia mtoto mabegani ili apasue msamba, hayo yote ni hapana kwa mtoto, hata kama hapo ndo video inapendeza.

Kingine kinachoharibu watoto ni haraka ya mashindano. Mwaka 2022 shirikisho la judo la Japani, hapo nyumbani kwa judo, lilifuta mashindano ya kitaifa ya watoto wa shule ya msingi. Walisema watu wametawaliwa na kushinda: watoto wanapunguzwa kilo ili waingie uzito mdogo, wazazi na makocha wanawafokea waamuzi. Kama Wajapani wameona vile, sisi tunakimbilia wapi na mtoto wa miaka 7?

Kuhusu kocha, nenda mwenyewe ukakae darasa zima. Uliza klabu iko chini ya shirikisho gani, na hilo shirikisho limesajiliwa na Baraza la Taifa la Michezo pale Lugogo au la. Uliza ada zote mapema, maana gi, yaani ile sare ya mazoezi, na mitihani ya mikanda huwa havitajwi siku ya kwanza. Kocha asiyetaka mzazi aangalie, au anayeita mtoto mmoja mazoezi ya peke yake mlango umefungwa, huyo usimjadili hata kidogo, iwe mtoto ni wa kike au wa kiume. Na kama mtoto ana selimundu, siko seli kama wengi tunavosema, au pumu au kifafa, ongea kwanza na daktari wake alafu kocha aambiwe, kwa sababu mtoto wa siko seli akikosa maji na akichoka sana anaweza kupata maumivu makali, lazima apumzike na anywe maji bila kuomba ruhusa.

Na wewe ambaye wako ana miaka 12 au 14 na unaona umeshachelewa, hapana. Jigoro Kano aliyeanzisha judo alianza kujifunza jujutsu, mapigano ya zamani ya Kijapani, mwaka 1877, kijana wa miaka 17 hivi, alikuwa mwembamba na amechoka kuonewa na wenzake, na mwaka 1882 akafungua Kodokan, shule yake ya judo. Kijana wa miaka 12 anayeanza leo anaelewa maelezo haraka kuliko wa miaka 6, na mkanda wa mwanzo anaumaliza mapema. Kitu cha kuangalia tu ni wasimpange mstari mmoja na watoto wa P1, hapo ataona aibu na wiki ya tatu hutamwona tena, kwa hiyo uliza kama klabu ina saa ya wakubwa wanaoanza, na kama haina tafuta nyingine iliyo nayo.